Mama Mkwe Hali

Omagor alikaa Mombasa miezi sita tu, akijifunza kazi ya reli, lakini ungemsikia akiongea ungedhani kitovu chake kimezikwa Kisauni. Wenzake pale stesheni ya Malaba walisema "hakuli", yeye "hali". Wao walisema "hakuji", yeye "haji". Ukimwambia "maji iko", alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino, halafu akakusahihisha mbele za watu, tena na mkeo akiwa hapo. Mwaka huo wa sitini na sita, tabia hiyo ilitaka kumnyang'anya mke. Kiswahili kizuri na samaki mdogo, basi, hivyo viwili tu, na mtu mzima akatoka nyumbani kwake kwa dirisha.

Samaki mwenyewe alikuwa sawa na kidole gumba. Aliletwa na Jamiru, dereva wa lori wa Busia, rafiki yake Omagor tangu siku lori lilipomfia kwenye reli na Omagor akasimamisha treni kwa kuvua shati. Jamiru alimtoa samaki Mombasa ndani ya chupa kubwa ya peremende, akamsafirisha siku mbili kambana katikati ya magoti, kila wakipita kwenye mashimo anamwomba radhi.

"Huyu ni bunju," Jamiru alisema, akiiweka chupa mezani. "Anaishi pale mto unapoingia baharini. Maji ya bahari matupu hayataki, maji ya mto matupu hayataki. Anataka katikati."

"Anapikwaje?"

"Anapikwaje! Wallahi, umpike uone. Utakufa kabla hujalamba vidole. Wapwani wenyewe wakimvua wanamtupa. Huyu ni samaki wa kutazama."

Samaki wa kutazama! Omagor aliipenda habari hiyo papo hapo. Malaba yote, mpaka uvuke ufike Tororo, samaki alikuwa mboga na basi. Yeye sasa angekuwa na wa kutazama, na angemtazama kwa Kiswahili sanifu.

Alikwenda kwenye hoteli moja iliyokuwa imefungwa, akaomba kabati la kioo lililokuwa likiwekwa mandazi, akaziba pembe zake kwa lami, akamwaga mchanga wa mtoni chini. Maji hayakumpa taabu. Taabu ilikuwa chumvi. Mvuvi mmoja mzee alimwambia Jamiru kwamba maji ya bunju yanatakiwa yawe na chumvi ya machozi, si zaidi si pungufu. Omagor akanunua chumvi ya mawe, akakaa mbele ya kabati na kijiko, akajiuliza: machozi ya nani? Yeye mwenyewe hakuwa amelia tangu alipomzika baba yake, na siku ile hakukumbuka kuonja.

Ndipo akatafuta kitunguu. Kila Jumanne, akishapunguza maji nusu na kutia mapya, alijificha nyuma ya pazia na kisu, akakatakata kitunguu mpaka machozi yakamshuka mdomoni, akayaonja, kisha akachovya kidole kwenye kabati akaonja na huko. Hapo aliongeza chumvi, au aliongeza maji. Mke wake, Amoding, siku ya kwanza kumwona, alicheka mpaka ugali ukaungua.

"Mwanamume anakata kitunguu, na hakuna hata mchuzi!" alisema, akijifuta macho kwa kanga.

"Usinichekeshe. Chumvi itapotea."

Samaki akachangamka. Alikuwa na mgongo wa kijani wenye madoa, tumbo jeupe, na macho mawili ambayo kila moja lilikwenda lilikotaka. Omagor alimwonea huruma kwa upweke, akamtilia vingege watatu, samaki wadogo wa mtoni, wamfanyie mazungumzo. Siku ya pili hakuna kingege aliyekuwa na mkia. Basi akaachwa peke yake, akaonekana kuridhika kabisa. Chakula chake kilikuwa konokono. Jamiru alikuwa amesisitiza: meno ya bunju hayaachi kuota maisha yake yote, na magamba ya konokono ndiyo tupa yake ya kuyanoa. Kwa hiyo Omagor, mtu mwenye kofia ya reli, alionekana kila asubuhi kinamasini amechutama, anapekua majani. Watu walipomuuliza anatafuta nini, alijibu, "Kifungua kinywa cha mgeni."

Jambo moja tu bunju hakulivumilia: kutazamwa usoni. Ukisimama mbele ya kioo ukamkazia macho, alimeza maji, akavimba, akavimba, mpaka akawa mpira wenye miiba na mdomo. Kwa hiyo pale nyumbani watu walijifunza kupita mbele ya kabati wameugeuza uso pembeni. Siku moja Jamiru alikuja kunywa chai, akamwona rafiki yake anapita ubavuubavu, shingo imepinda, macho ukutani. Akatua kikombe.

"Sasa Omagor, huyu ni samaki au ni mama mkwe wako?"

Omagor akaketi chini kwa kicheko. Maana kwao Wateso, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawaongei ila kupitia kwa mtu mwingine, na chini ya paa moja hawakai hata mvua ya mawe ikinyesha. "Ana meno," Jamiru akaendelea, akihesabu kwa vidole, "anavimba bila sababu, na huruhusiwi kumwangalia. Ni yeye!" Tangu siku hiyo, Amoding akiwepo, samaki aliitwa Bunju. Amoding akitoka, aliitwa Mama Mkwe.

Sasa huyo mama mkwe mwenyewe, wa miguu miwili, aliitwa Alupo, mkulima wa Kocholia, mjane wa miaka sitini aliyeogopwa na watoto wake, majirani na ng'ombe wa majirani. Omagor alikuwa na kosa moja kwake tayari. Mwaka uliotangulia alikuwa anateremka mlima wa sokoni na baiskeli isiyo na breki, akamwona Alupo mbele yake anavuka barabara na chungu kichwani. Akafanya alichofundishwa na wazazi wake: akafumba macho kwa heshima. Heshima hiyo ilimwangusha mama wa watu, ikavunja chungu, na ikamfunua mguu hadi gotini mbele ya soko zima. Omagor alitoa mbuzi wa kuomba radhi. Alupo alimla mbuzi, halafu akatuma neno: kosa moja lingine, moja tu, anakuja kumchukua binti yake.

Na Alupo hakuwa mtu wa kutishia bure. Omagor alilijua hilo, akaliogopa kweli, kwa sababu alimpenda Amoding kupita kiasi, mapenzi ya kurudi mbio kutoka zamu kama mtu anayedaiwa. Bila yule mwanamke nyumba ile ingekuwa kabati la mandazi bila mandazi. Lakini kucheka ni kitu kitamu, na jina likaendelea.

Kikaja kiangazi. Kinamasi kikakauka, konokono wakajichimbia wasionekane. Wiki tatu Omagor akamlisha bunju vipande laini vya maini, na bunju akavila kwa furaha, na meno, ambayo hayakuwa na kazi, yakaota. Yakaota mpaka ya juu yakapishana na ya chini, na aliyefundishwa kuyakata ni Jamiru peke yake. Jumamosi samaki aligusa ini akaliacha. Jumapili hakuligusa. Jumanne asubuhi alikuwa amelala juu ya mchanga, rangi imemwiva nyeusi, mdomo umefungwa kama mkoba wa bahili. Omagor hakujua kwamba mtu anaweza kumhurumia samaki kiasi hicho.

Amoding alikuwa shambani, upande wa barabara ya Kocholia. Omagor akatoka nje ya nyumba za reli, akamwita Oluka, mmoja wa wale vijana wazima wa baiskeli wanaovusha abiria mpakani wakipiga kelele "boda! boda!" Oluka alikuwa na miguu ya chuma na mdomo wa bati: chochote ukitiacho ndani kinalia nje.

"Panda mpaka Busia, umtafute Jamiru wa lori," Omagor alisema. "Mwambie Mama Mkwe hali."

Oluka akangoja kidogo. "Hali gani?"

"Hali kabisa."

"Kabisa kabisa?"

"Tangu Jumamosi. Amelala tu. Mwambie asipofika leo, hatamkuta."

Mtu mwingine yeyote wa Malaba angesema "hakuli", na Oluka angeelewa, na mimi nisingekuwa na hadithi. Oluka alivua kofia. "Pole sana, mzee. Yuko wapi sasa?"

"Si yuko ndani kwangu?"

"Ndani kwako!" Oluka akashika mdomo. "Jikaze, mzee."

Omagor akarudi ndani akishangaa jinsi kijana yule alivyo na roho nzuri.

Oluka kabla hajaelekea Busia alipitia sokoni, kwa sababu habari kama ile haikumwachia nafasi ya kupumua. Pale walikuwapo wanawake wa Kocholia na mtama wao. Wote walijua Alupo alikwenda Khunyangu kwa binti yake mdogo aliyejifungua, na kwamba alitarajiwa kurudi wiki hiyohiyo. Wakaunganisha wenyewe. Mama amerudi kupitia Malaba, ameugua njiani, na kwa kukosa pa kuwekwa amelazwa ndani kwa mkwe wake. Ndani! Chini ya paa lake! Nusu yao waliona hilo ni baya kuliko kufa. Kufikia saa tano habari ilikuwa Kocholia, na ilipofika Kocholia, ilikuwa imeshamuua.

Saa nane mchana, Omagor alikuwa nyuma ya pazia anapima chumvi. Alidhani pengine maji nayo ni mabaya, akaamua kupima kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa kitunguu kizima. Machozi yalikuwa yanamwagika shingoni aliposikia kilio kinakuja kwenye barabara ya nyumba za reli. Akatoka mlangoni, kisu mkononi, macho mekundu, kamasi zinamtoka.

Aliyetangulia alikuwa Emojong, kaka mkubwa wa Amoding, jitu la mabega na fimbo. Nyuma yake wanawake sita wamejifunga nguo viunoni, na katikati yao Amoding mwenyewe, waliyemchukua njiani shambani, anajitupa huku na huku akilia "Toto! Toto wangu!", yaani mama, kwa Kiteso. Emojong alipomwona shemeji yake jinsi machozi yanavyomtiririka, mabega yakamlegea.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Bado anapumua," Omagor akajibu. Moyo ulikuwa umemjaa. Watu wote hawa, kwa ajili ya bunju! Kumbe alikuwa amewadharau bure wakwe zake. "Lakini hafungui mdomo."

"Yuko wapi?"

"Yuko majini."

"Majini?" Emojong akageuka kuwatazama wanawake. "Mgonjwa mmemweka majini?"

"Si ndiko anakokaa? Nimeshayabadilisha maji nusu. Nilikuwa natia chumvi."

Mwanamke mmoja akaacha kulia. "Chumvi?"

"Kidogo tu, mama. Ya machozi. Na nimemwagiza Jamiru aje amkate meno."

Kilio chote kikakatika kana kwamba mtu amefunga bomba. Amoding akawapita wote mbio, akaingia ndani, akafunua pazia, akatazama kitandani, akatazama chini ya kitanda. Akatoka polepole.

"Mama hayumo," alisema. "Ndani kuna Bunju tu." Halafu akamtazama mumewe, na Omagor akaona uso wake unaelewa, hatua kwa hatua. "Omagor. Ulimwambia Oluka nani hali?"

Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Mombasa, Omagor alikosa Kiswahili.

"Mama yangu ni samaki?" Amoding akauliza.

"Si mimi niliyempa jina. Ni Jamiru."

"Na aliyecheka ni nani?"

Emojong aligonga fimbo chini. Alisema wametembea kwa miguu kutoka Kocholia kuja kumlilia samaki, na samaki mwenyewe mbaya! Alisema ametuma mtu akachimbe kaburi. Alisema mama alikwisha sema kosa moja lingine, na kama hili si kosa, basi kosa ni nini. "Dada, funga vitu vyako."

Amoding akaingia ndani, akatandika kanga sakafuni, akaanza kuweka nguo zake moja moja. Hakuwa na haraka, hakugombana, wala hakumtazama mumewe. Omagor alisimama mlangoni na kisu chake. Alitaka kusema usiende, neno dogo tu, akaishia kufuta kisu kwa kaptura.

Ndipo lori la Jamiru likafika, breki zikilia. Jamiru akateremka mbio, ameshika mkasi mdogo wa kucha juu kama mwenge. "Niko hapa! Bado yuko hai?" Halafu mlango wa pili wa lori ukafunguka, ukateremka mguu mmoja, ukafuata wa pili, na akateremka Alupo wa Kocholia, mzima kama kengele, na furushi la mboga kichwani.

Wanawake waliokuwa wakimlilia walipiga mayowe, safari hii ya kweli. Mmoja aliingia banda la kuku akajifungia. Alupo aliwatazama waliobaki, akamtazama mwanawe na fimbo yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kumbe Oluka alimkuta Jamiru njiani, mahali paitwapo Mundika, anapakia pamba, na Alupo naye alikuwa hapo kando ya barabara akingoja lifti ya kwenda Malaba. Jamiru hakumjua. Alimpakia mbele, kwa heshima ya umri wake, na njia nzima akamsimulia habari za rafiki yake na samaki anayeitwa Mama Mkwe: meno yake, kuvimba kwake, jinsi asivyotakiwa kuangaliwa. Alimsimulia yote na vicheko vyake.

"Banange!" Jamiru alisema sasa, alipoona watu walivyomkodolea mama yule macho. Mkasi ulimwanguka. "Mama, ni wewe? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea," Alupo alisema. "Sikutaka kukukatiza. Niingizeni nimwone mwenzangu."

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Mama mkwe alikuwa anakuja mlangoni, na mkwe alikuwa ndani ya mlango. Omagor alifanya hesabu haraka, akakimbilia dirisha. Kichwa kilipita, mabega yakapita, kaptura ya reli ikanasa kwenye komeo, na Alupo alipoingia, kitu pekee alichokiona cha mkwe wake hakikuwa uso. Amoding akamsukuma mumewe kwa mikono miwili. Akaangukia kwenye sukuma wiki, akajibanza ukutani chini ya dirisha, akashikilia pumzi.

Alupo alikuwa amesimama mbele ya kioo, na hakuwa mtu wa kugeuza uso pembeni kwa ajili ya samaki. Akamkazia macho. Bunju, mgonjwa hivyo hivyo, akakusanya nguvu zake za mwisho akavimba.

"Hmm," Alupo alisema. "Kweli tumefanana. Jamiru, mkasi."

"Mama, mimi ndiye niliyeelekezwa..."

"Mikono yako ni mizito. Imezoea usukani. Mshike."

Jamiru akamtoa samaki kwa kitambaa kilicholowa, akamshika kama yai, na Alupo, aliyekuwa amekata midomo ya kuku na kwato za mbuzi maisha yake yote, akainama. Kikasikika kishindo kidogo, *ka*. Halafu kingine. Samaki akarudishwa majini. Alupo akapekua furushi lake la mboga za Khunyangu, akabandua chini ya jani konokono mdogo aliyesafiri naye bila kualikwa, akamdondosha kwenye kabati. Hata Omagor kule nje alisikia jinsi gamba lilivyopasuka. Alitaka kupiga makofi, akakumbuka hali yake.

"Amekula!" Jamiru akapiga kelele.

"Jamiru," Alupo akasema, "muulize mtu aliyeko nje. Huyu hutafutiwa konokono kila asubuhi. Yule mama mkwe wa Kocholia, nani humtafutia chochote?"

Jamiru akatoa kichwa dirishani. "Ameuliza—"

"Nimesikia," Omagor alinong'ona. "Sina la kusema."

"Hana la kusema, mama."

Emojong akasogea mlangoni. "Mama, Amoding amefunga vitu. Twende?" Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira, akaongeza, "Ila niseme nililoliona. Tulipofika, huyu shemeji alikuwa analia. Machozi mpaka shingoni. Kwa hilo alitushinda sisi sote."

Kitunguu kilikuwa sakafuni kando ya kigoda, kimekatwa katikati. Amoding alikiona. Alinyoosha mguu, polepole, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka kikaingia chini ya kitanda.

"Alilia?" Alupo aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu mdogo. "Alinililia mimi?"

Omagor aliisikia sauti ile. Alijua hapo ndipo mke wake alipo: akinyamaza, Amoding anabaki. Ni kunyamaza tu! Lakini aliona aibu isiyo na mfano, aibu ya mtu aliyekutwa na mkono ndani ya mfuko wa mwenzake. Mwanamke yule aliogopwa miaka sitini, na leo alidhani kuna mtu amemlilia.

"Jamiru!" akaita, akiuelekea ukuta. "Mwambie mama ilikuwa kitunguu. Nilikuwa napima chumvi ya samaki. Mwambie anisamehe, na asifiche hasira."

Jamiru hakuhitaji kurudia. Nyumba nzima ilisikia, na banda la kuku.

"Mwambie nimesikia," Alupo alisema. "Mwambie tangu niteremke kwenye lori, nimewatazama watu wangu machoni, mmoja mmoja. Kelele zao zimefika Tororo, na hakuna hata mmoja mwenye shavu lililolowa, ila huyu binti yangu. Na huyu wa nje angalau alitafuta kitunguu." Akavuta pumzi. "Jina libaki hilohilo, nimeshalizoea tangu Mundika. Amoding, fungua hilo furushi."

"Mama!" Emojong akasema.

"Wewe nenda ukafukie hilo shimo ulilochimbisha. Jamiru, haya maji chumvi yake inapimwaje?"

"Yawe kama machozi, mama."

Omagor, mgongo ukutani, alisikia maji yanaguswa. Kisha hakusikia kitu. Sukuma wiki ilikuwa imemwingia mgongoni na hakuthubutu kuitoa.

"Haitoshi," Alupo alisema. "Mwambie aongeze."

Alupo alipokwisha kuondoka na watu wake, na yule wa banda la kuku akiwa wa mwisho, Omagor alirudi ndani, kwa mlango. Akatia kijiko kimoja na nusu. Bunju alikuwa amejaa rangi yake ya kijani, anazunguka akitafuta konokono mwingine. Amoding alikuwa ameketi sakafuni, anakunja zile nguo upya kuzirudisha sandukuni.

"Alijuaje haitoshi?" Omagor akauliza.

"Alichovya kidole akaonja. Halafu akajipangusa hapa," Amoding akagusa chini ya jicho lake, "akaonja tena."

Omagor akatazama sakafuni, kando ya kigoda, akatafuta.

"Na kitunguu kilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda," Amoding akasema. "Si nilikisukuma mimi mwenyewe?"